Mbolea ya Bustani Bonde la Rukwa: Kilo Ngapi Zinaufikia Mmea?

Mfanyabiashara wa Sumbawanga anayepeleka mbolea bondeni anajua bei ya mfuko wa urea, anajua nauli ya kuuteremsha hadi Milepa, na anajua faida anayoitarajia. Mkulima anayeununua kwa ajili ya bustani ya nyanya au vitunguu anajua ametoa shilingi ngapi. Jambo ambalo wote wawili huliacha nje ya daftari ni kiasi cha mbolea hiyo kinachoingia kweli katika mmea, na kiasi kinachoondoka na hewa au maji kabla mmea haujakionja. Pengo hilo ni fedha. Katika bustani za nchi ya joto, mbolea ikimwagwa juu ya udongo na kuachwa hapo, pengo laweza kufika theluthi moja ya mfuko na hata kuzidi.

Makala haya yanaeleza pengo hilo linatoka wapi, linagharimu kiasi gani, na mwenye mtaji mdogo afanye nini kabla ya kutoa fedha au kukopesha pembejeo kwa wakulima wa bustani wa Milepa na vijiji jirani vya bonde la Ziwa Rukwa.

KINACHONUNULIWA NI NAITROJENI

Mbolea za kukuzia zinazouzwa madukani zina majina mengi, lakini mteja ananunua hasa kitu kimoja, nacho ni naitrojeni. Hiyo ndiyo inayoipa mimea rangi ya kijani na kuijengea majani na mashina. Asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni naitrojeni, ila mimea mingi haiwezi kuichukua moja kwa moja kutoka hewani. Mwaka 1909 Mjerumani Fritz Haber alionyesha namna ya kuiunganisha na haidrojeni ili kupata amonia. Mwenzake Carl Bosch akaipeleka kazi hiyo kiwandani, na kiwanda cha kwanza kikaanza uzalishaji huko Oppau, Ujerumani, mwaka 1913.

Kazi hiyo inakula nishati nyingi, hasa gesi asilia, na kwa hiyo bei ya mbolea hufuata bei ya nishati. Bei zilianza kupanda mwaka 2021, na vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022 zikaruka zaidi. Aprili mwaka huo tani moja ya urea katika soko la dunia ilipita Dola 900 za Marekani.

Tanzania ilikuwa na kiwanda chake cha mbolea mjini Tanga, kilichoanza kazi mwaka 1972 na kufungwa mwaka 1991. Baada ya hapo nchi imetegemea urea inayoshushwa bandarini kutoka nje. Kwa mkoa wa Rukwa maana yake ni safari ya zaidi ya kilometa 1,100 kutoka Dar es Salaam, kupitia Mbeya na Tunduma, hadi Sumbawanga. Msomaji mwenye umri atakumbuka kwamba Rukwa ilihesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi, na kwamba ruzuku ya mbolea ilipunguzwa mwaka hadi mwaka mpaka ikaondolewa katika msimu wa 1994/95. Wakulima wa mbali na bandari ndio walioumia zaidi.

Ruzuku ilirudi baadaye kwa sura mbalimbali: ya usafirishaji mwaka 2003/04, ya vocha kuanzia 2008/09, na ile iliyozinduliwa Agosti 2022 baada ya bei kupanda. Katika mpango huo wa msimu wa 2022/23, bei zilizotangazwa kwa mfuko wa kilo 50 zilikuwa Sh. 70,000 kwa urea, Sh. 60,000 kwa CAN na Sh. 50,000 kwa SA. Tutazitumia hapa kama mfano. Msomaji aweke bei za dukani kwake mahali pake. Njia ya kukokotoa haibadiliki.

Mteja anayetazama bei ya mfuko ataona SA ndiyo rahisi. Lakini mfuko wa urea una naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Mfuko wa CAN yenye asilimia 26 una kilo 13. Mfuko wa SA wenye asilimia 21 una kilo 10 na nusu. Tukigawa bei kwa kilo hizo tunapata bei halisi:

Urea: Sh. 70,000 kwa kilo 23 = Sh. 3,043 kwa kilo ya naitrojeni.
CAN: Sh. 60,000 kwa kilo 13 = Sh. 4,615 kwa kilo ya naitrojeni.
SA: Sh. 50,000 kwa kilo 10.5 = Sh. 4,762 kwa kilo ya naitrojeni.

Mfuko uliokuwa rahisi umekuwa ghali, na uliokuwa ghali umekuwa rahisi. Nauli inazidisha tofauti hiyo, kwa sababu gari linatoza kwa mfuko wala haliulizi ndani mna nini. Tuseme kuteremsha mfuko mmoja bondeni ni Sh. 3,000. Kila kilo ya naitrojeni iliyomo katika urea itabeba nauli ya Sh. 130, na iliyomo katika SA itabeba Sh. 286.

Hadi hapa urea imeshinda, na ndiyo sababu inapendwa. Lakini hizo ni kilo zilizomo ndani ya mfuko. Kilo zinazoufikia mmea ni hesabu nyingine.

NJIA NNE ZA KUPOTEA

Mwaka 1999 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Oklahoma State cha Marekani, William Raun na Gordon Johnson, walikadiria kwamba duniani kote mazao ya nafaka huvuna asilimia 33 tu ya naitrojeni inayowekwa shambani. Mboga zina tatizo la ziada. Mizizi yake ni mifupi, hasa ya vitunguu na mchicha, zinamwagiliwa mara kwa mara, na hukaa shambani kwa muda mfupi.

Njia ya kwanza ya kupotea ni hewa. Punje ya urea ikilowa juu ya udongo, vimeng'enya vilivyomo katika udongo na mabaki ya mimea huigeuza kuwa amonia. Ikiwa punje imefukiwa, amonia hiyo hukamatwa na udongo. Ikiwa ipo juu, huruka. Harufu kali inayofanana na ya zizi lisilosafishwa, inayosikika bustanini siku chache baada ya kuweka urea, ni harufu ya fedha inayoondoka. Joto huharakisha jambo hili, udongo wenye magadi au chokaa hulizidisha, na unyevu kidogo usiotosha kuizamisha mbolea hulikamilisha. Sehemu kubwa ya hasara hutokea katika wiki ya kwanza.

Njia ya pili ni kuzama. Ndani ya udongo, vijidudu huigeuza amonia kuwa naitreti. Naitreti ndiyo chakula kinachopendwa na mboga nyingi, lakini haishikwi na udongo. Inakwenda kokote maji yanakokwenda. Anayefungulia mfereji hadi bustani ielee, hasa kwenye udongo wa kichanga wa kando ya mto, anaisukuma mbolea yake chini ya mizizi. CAN, ambayo nusu ya naitrojeni yake ni naitreti tangu mfukoni, haina hasara kubwa ya hewa lakini iko wazi kwa hasara hii.

Njia ya tatu hutokea mahali maji yanapotuama. Udongo ukikosa hewa, vijidudu fulani huivunja naitreti na kuirudisha angani ikiwa gesi. Jambo hili ni muhimu bondeni kwa sababu mpunga na mboga hulimwa na watu wale wale. Mkulima aliyebakiwa na CAN ya bustani asiipeleke kwenye majaruba yenye maji, kwa kuwa sehemu ya naitreti itapotea bure. Kwa mpunga, urea au SA hufaa zaidi. Duka linalohudumia mazao yote mawili linapaswa kumwuliza mteja anakwenda kuweka wapi kabla ya kumpimia.

Njia ya nne ni mafuriko ya juu. Mbolea iliyomwagwa siku ya mawingu mazito hubebwa na maji yanayoteremka, na hii haihitaji maelezo kwa watu wanaoishi chini ya milima.

MFUKO ULE ULE, MLIMANI NA BONDENI

Sumbawanga mjini iko juu ya uwanda wa Ufipa, mahali pa baridi. Milepa iko chini ya safu za Lyamba lya Mfipa, katika bonde la Ziwa Rukwa, na tofauti ya kimo kati ya uwanda na ziwa inakaribia meta 1,000. Anayeteremka kwa barabara ya Ntendo hadi Muze anavua koti njiani. Mbolea nayo huusikia ule mteremko.

Juu uwandani, ubaridi hupunguza kasi ya urea kugeuka gesi, na udongo wa sehemu nyingi una uchachu. Adui wa huko ni kuzama kwa naitreti wakati wa mvua kubwa, pamoja na uchachu unaoongezeka pale SA inapotumika mwaka hadi mwaka bila chokaa. CAN, yenye chokaa ndani yake, inapata nafasi huko.

Bondeni joto ni kali. Ziwa Rukwa halina mto unaotoka, na maji yake yana magadi; udongo wa tambarare zilizo karibu nalo unaweza kuwa na hali hiyo hiyo. Urea ikimwagwa juu ya udongo wa namna hiyo saa sita mchana, ina kila sababu ya kuruka. Hata SA, ikiwekwa juu ya udongo wenye chokaa nyingi, hupoteza sehemu yake kwa njia hiyo. Bustani zilizo karibu na miguu ya milima, ambako mito huleta udongo mpya, zaweza kuwa tofauti kabisa. Kwa hiyo kupima udongo ni gharama ya kibiashara kama nauli. Vituo vya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, vya Uyole mkoani Mbeya na Mlingano mkoani Tanga vina wataalamu wa kazi hiyo, na bwana shamba wa kata anaweza kumweleza mkulima jinsi ya kuchukua sampuli.

Muuzaji anayewapa wateja wa Sumbawanga na wa Milepa maelekezo yale yale anamdanganya mmoja wao bila kujua.

HESABU YA EKARI MOJA

Tuchukue ekari ya nyanya, mistari ikiachana sentimeta 75 na mimea sentimeta 50. Hapo pana mimea kama 10,800. Wakulima wengi hupima kwa kizibo cha soda, na kizibo kimoja cha urea tukikikadiria kuwa gramu 5, mzunguko mmoja wa ekari utakula kilo 54, yaani mfuko mmoja na kidogo. Mizunguko miwili ya kukuzia ni karibu mifuko miwili, Sh. 140,000 kwa bei za mfano wetu, yenye kilo 46 za naitrojeni.

Urea hiyo ikiachwa juu na theluthi moja ikapotea, zimeondoka kilo 15, zenye thamani ya zaidi ya Sh. 46,000. Kila tani ya nyanya huchukua takribani kilo 2 hadi 3 za naitrojeni kutoka udongoni. Kilo 15 ni chakula cha tani 5. Hii haimaanishi kwamba mkulima angevuna tani 5 zaidi, maana magonjwa, maji na mbegu navyo vina sauti yao. Inaonyesha tu ukubwa wa kitu kilichotupwa.

Sasa turudi kwenye ushindani wa mifuko. Urea iliyopoteza theluthi moja inabakiwa na kilo 15.3 zenye manufaa, na bei yake inapanda kutoka Sh. 3,043 hadi Sh. 4,565 kwa kilo. Hiyo ni karibu sawa na CAN. Kwa maneno mengine, faida yote iliyomfanya mkulima achague urea imekwisha. Ikipotea nusu, bei inafika Sh. 6,087 na urea inakuwa ghali kuliko mbolea zote tatu. Mfuko hauna kosa lolote. Aliyeuweka ndiye aliyeipandisha bei.

Dawa yake ni jembe. Urea iliyowekwa kwenye kishimo cha sentimeta 5 hivi, kando kidogo ya shina, na kufunikwa kwa udongo wenye unyevu, hupoteza kidogo sana hewani. Pasipo nafasi ya kuchimba, kumwagilia mara moja baada ya kuweka, kwa kiasi cha kuizamisha hadi kwenye mizizi na si zaidi, hufanya kazi inayokaribiana na hiyo. Kwa mfuko wa Sh. 70,000, theluthi inayookolewa ni Sh. 23,000 na zaidi. Basi ikiwa ujira wa kufukia mfuko mmoja hauzidi kiasi hicho, kufukia kunalipa hata kabla ya kuhesabu mavuno. Ni mara chache mwenye mtaji mdogo hupata faida ya namna hiyo kwa kazi ya siku chache.

Serikali nayo ina fungu lake katika hesabu hii. Mwaka 2022 bei ya urea bila ruzuku ilikuwa zaidi ya Sh. 120,000 kwa mfuko. Theluthi yake ni Sh. 40,000. Katika hizo mkulima anapoteza Sh. 23,000, na zinazobaki, kama Sh. 17,000, ni kodi ya wananchi inayopaa juu ya bustani.

ZIADA NAYO NI HASARA

Wapo wanaojibu hasara hizi kwa kuongeza mifuko. Mfanyabiashara wa mboga anapaswa kuwatazama kwa makini, kwa sababu naitrojeni iliyozidi husafiri ndani ya zao hadi kwenye tenga lake.

Nyanya iliyoshiba kupita kiasi hujaza majani, huchelewa kuzaa, na tunda lake huwa laini. Tenga la nyanya za namna hiyo likipandishwa mlima kwa lori hadi soko la Sumbawanga, za chini hufika zimekuwa rojo. Kabichi hupasuka. Kitunguu ndicho kinachosema ukweli zaidi: kilichowekewa naitrojeni hadi mwisho hubaki na shingo nene isiyokauka, majani yake ni kijani kibichi siku ya kuvuna, na ghalani huanza kuoza au kuchipua mapema. Anayenunua vitunguu ili asubiri bei ipande atazame shingo kabla ya kutazama ukubwa. Kwa mkulima kanuni ni nyepesi: vitunguu vikianza kutunga, mbolea ya kukuzia isimame.

Mnunuzi anayelipa bei moja kwa kitunguu kinachotunzika na kisichotunzika anamfundisha mkulima kumwaga mbolea. Mwenye kutoa hata nyongeza ndogo kwa shingo iliyokauka atapata bidhaa bora msimu unaofuata.

MAJI YA KISIMA

Hasara ya naitreti haiishii kwenye daftari. Kinachozama chini ya bustani huweza kufika kwenye visima vifupi vinavyochimbwa kando ya mito. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha juu cha miligramu 50 za naitreti kwa lita moja ya maji ya kunywa. Kiwango hicho kimewekwa hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo au uji uliochanganywa kwa maji hayo, kwani naitreti nyingi huizuia damu yao kubeba hewa safi. Kuchemsha maji, kunakoua vijidudu, hakuondoi naitreti.

Watanzania kwa jumla hutumia mbolea kidogo. Azimio la Abuja la Juni 2006 liliwataka wakuu wa nchi za Afrika wafikishe wastani wa kilo 50 za virutubisho kwa hekta ifikapo 2015, kutoka kilo 8 za wakati huo. Kwa shamba la mahindi la Ufipa tatizo la kawaida ni uchache. Lakini bustani ni mahali ambapo mbolea hurundikwa katika eneo dogo, jirani na maji. Ekari yetu ya mfano, yenye mifuko miwili ya urea, imepokea kiasi cha kilo 114 kwa hekta bila kuhesabu mbolea ya kupandia. Na kwa kuwa Ziwa Rukwa halina pa kutokea, kinachoteremka na mito kutoka milimani na bondeni hakina bahari ya kukipokea. Bustani isichimbwe jirani na kisima cha kunywa, na ukanda wa majani uachwe kati ya matuta na mto.

SAMADI NA NTUMBA

Kuna naitrojeni ambayo haipiti Tunduma. Wafugaji waliohamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao, wengi wakiwa Wasukuma, wameleta pia samadi. Tani moja ya samadi kavu iliyotunzwa vizuri ina takribani kilo 10 hadi 15 za naitrojeni, kwa hiyo tani mbili hukaribia mfuko mmoja wa urea. Hutoka polepole, na huongeza uwezo wa udongo kushika maji na naitreti. Udhaifu wake ni uzito: nauli ya tani mbili huweza kumeza faida yote ikiwa zizi liko mbali. Tena samadi iliyorundikwa juani bila kufunikwa hupoteza amonia kama ilivyo kwa urea. Anayenunua samadi anunue iliyowekwa kivulini na kufunikwa kwa majani au udongo.

Wafipa wenyewe walikuwa na elimu hii kabla ya duka la kwanza la pembejeo. Kilimo chao cha ntumba ni cha kurundika majani wakati wa mvua, kuyafunika kwa udongo kuwa vichuguu, na kupanda juu yake maharage au mazao mengine. Msimu unaofuata vichuguu husambazwa na kupandwa ulezi au mahindi, majani yakiwa yameoza na kuachia chakula chake. Naitrojeni inafungiwa ndani ya udongo na kutolewa kwa wakati wake, na maharage yanaongeza nyingine kutoka hewani. Mkulima anayefukia urea na kuigawa kwa mafungu anafanya kazi ya ntumba kwa mbolea ya kiwandani.

KWA MWENYE KUKOPESHA

Wafanyabiashara wengi hutoa mbolea kwa mkopo na kulipwa kwa mazao. Kwao hasara ya naitrojeni ni hasara ya dhamana, kwa sababu mfuko ulioruka hewani hauwezi kuzaa nyanya za kulipia deni. Haya yafaa kuingizwa katika makubaliano:

Kwanza, mbolea itolewe kwa awamu. Fungu la kwanza miche ikishashika, la pili nyanya zinapoanza kutoa maua au kabichi inapoanza kufunga. Mmea unapata chakula unapokihitaji, na mkopeshaji anapata nafasi ya kuiona bustani kabla ya kutoa mfuko wa pili. Bustani iliyokwisha kufa kwa ugonjwa haihitaji urea.

Pili, mkulima aseme ataiweka vipi. Kama hana nguvu kazi ya kufukia wala maji ya uhakika, CAN kwa mafungu madogo huweza kuwa salama kuliko urea iliyoachwa juu.

Tatu, mifuko iwe imeshonwa kiwandani na yenye maandishi yanayosomeka. CAN hufyonza unyevu haraka. Mfuko uliokaa wazi huwa jiwe, na jiwe halipimwi kwa kizibo. Ghalani mifuko ikae juu ya mbao, mbali na ukuta, na mbali na moto.

Nne, maji yaulizwe kabla ya mbolea. Bustani za kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba, hutegemea mito iteremkayo kutoka milimani. Mto ukikauka Agosti, mfuko wa Julai umepotea wote.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mbolea linahitaji safu moja zaidi baada ya ile ya bei: kilo za naitrojeni, tarehe iliyowekwa, na iwapo ilifukiwa. Mwisho wa msimu mwenye daftari hilo ataweza kulinganisha bustani mbili zilizopata mifuko sawa na kuona kwa nini moja imelipa deni na nyingine inaomba kuongezewa muda.